Tochi ya mjomba ya kupigia mbizi: nimeitoa kwenye halojeni, sasa ni ya LED

Kazi yangu ni kusafisha matangi ya maji ya chini ya ardhi hapa Dodoma. Bahari hatuna, ila nyumba nyingi huku Ilazo na Kisasa zina tangi la kuchimbia, maana maji ya bomba huja kwa zamu. Ndani ya tangi ni giza, na tochi ya kawaida ikidondoka majini ndiyo kwaheri. Kwa hiyo mjomba wangu wa Tanga aliponiachia tochi aliyokuwa akipigia mbizi, niliipokea kama mali: plastiki ngumu ya njano, kioo kinene, betri nne zile kubwa za redio.

Tatizo lilikuwa balbu. Ilikuwa ya halojeni, ile yenye waya mwembamba ndani unaowaka, volti 6, wati 5 hivi, na sehemu kubwa ya umeme iliishia kuwa joto badala ya mwanga. Inavuta karibu ampea 0.8, na betri za bei nafuu za dukani haziwezi mzigo huo. Ndani ya saa moja mwanga unageuka rangi ya chai. Nilikuwa namaliza seti moja kwa matangi mawili.

Nikaagiza Kariakoo balbu ya LED ya wati 3 yenye kitako kilekile cha P13.5s, kile chenye ukosi mpana usio na hesi. Ilinifikia kwa basi stendi ya Nanenane, shilingi 14,000 pamoja na nauli ya mzigo. Angalieni volti kabla ya kulipa: yangu imeandikwa 4 hadi 12, hivyo betri nne za volti 1.5 zinaingia vizuri. Ukichukua ya volti 3 kwa tochi ya volti 6, utaiunguza.

Nikaichomeka, nikabonyeza swichi. Kimya. Nikadhani nimeuziwa mbovu, nikaenda kwa fundi redio wa Majengo. Akaitazama kidogo tu. "Kaka, waya wa halojeni haujali umeme unatokea upande gani. LED inajali. Kapime chanya iko wapi." Nilipopima kwa mita nikakuta tochi hii inapeleka hasi kwenye ncha ya balbu, wakati balbu yangu inataka chanya hapo. Tulizibadilisha nafasi nyaya mbili nyuma ya swichi, tukazichomea kwa risasi, ikawaka. Mita ikaonyesha ampea 0.45. Betri zilezile za bei nafuu sasa zinanimalizia siku nzima ya kazi.

Ilipowaka, katikati ya duara la mwanga kulikuwa na tundu jeusi. Ule waya wa halojeni ulikaa mahali maalumu ndani ya kiakisi mwanga, na LED yangu ilikuwa imezama nyuma kidogo. Nilikata washa (kipete bapa) ya plastiki ya milimita 2, nikaiweka mahali ambapo ingeisogeza balbu mbele. Nilijaribu tatu tofauti usiku ukutani mpaka mwanga ukakusanyika. Hii hatua msiikimbilie. Ndiyo inayoamua kama utaona ufa wa tangi au utaona mwanga tu.

Joto nalo. Halojeni hutupa joto lake mbele kupitia kioo, LED hulirudisha nyuma kwenye kitako, na humu nyuma ni plastiki tupu. Mara ya kwanza niliiwasha nje ya maji dakika 30, nikagusa kitako kikaniunguza kidole. Nikakata kipande cha alumini kutoka mfuniko wa sufuria kuukuu, nikakifunga kuzunguka kitako kwa ile dawa nyeupe ya mafundi kompyuta ya kupitisha joto. Imesaidia, haijamaliza. Nje ya maji siiwashi zaidi ya dakika 15 mfululizo.

Sasa lililo muhimu kuliko mwanga wenyewe: oringi, ule mpira wa duara unaozuia maji kuingia. Mpira wa mjomba ulikuwa umekauka na kuwa bapa. Nilinunua mpya ya kipimo kilekile, nikaipaka grisi ya silikoni, kidogo, ing'ae tu. Msipake mafuta ya mgando. Yanavimbisha baadhi ya aina za mpira. Na hapa Dodoma upepo wa Julai na Agosti unaleta vumbi mpaka ndani ya kabati, kwa hiyo tochi naifungulia ndani, juu ya kitambaa chenye unyevu. Punje moja ya mchanga kwenye oringi inatosha kupitisha maji.

Kuipima, nilitoa betri na balbu, nikaweka karatasi laini ya chooni ndani, nikaizamisha usiku kucha kwenye pipa. Asubuhi karatasi kavu. Kwa tangi la mita 3 inanitosha. Anayeipeleka baharini asiridhike na pipa, kwa sababu kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa tunayovuta juu. Aifunge jiwe na kamba, aishushe ikiwa tupu hadi kina atakachokwenda.

Mkikuta kidonge kidogo ndani karibu na betri, msikitupe. Kazi yake ni kuondoa haidrojeni ambayo betri hutoa, gesi ambayo haina pa kutokea kwenye tochi iliyofungwa hivi.

Kasoro moja nimeikuta kwenye bwawa la Mtera, nilipokwenda kumsaidia shemeji yangu kutafuta nanga iliyokatika. Maji yalikuwa na tope, na mwanga huu mweupe ulirudi usoni kama ukungu. Ule wa njano wa halojeni ungepenya vizuri zaidi, nina hakika, kwa sababu nimewahi kuutumia palepale. Balbu ya zamani bado ninayo, nimeifunga kwenye pamba, lakini nyaya za swichi sijazirudisha: hiyo haijali upande.