Makumbusho ya Florence: wapi hela yako inalipa na wapi unachosha miguu tu

Naanza na jibu kabisa ili mwenye haraka asihangaike kusoma yote: kama unaenda Florence kule Italia na hela ni ya kuhesabu, lipia Accademia (makumbusho yenye sanamu ya David), lipia Palazzo Vecchio (jumba la manispaa), halafu Uffizi (makumbusho makubwa ya michoro) ingia ukiwa umeshaamua vitu vichache unavyovitaka, la sivyo utatoka mle miguu inawaka na kichwani hujabaki na kitu. Mimi naishi Ujerumani, Florence nilienda na shosti yangu na mwanae wa primari, kwa hiyo naongea pia kama mtu aliyetembea na mtoto anayeuliza "tunaondoka saa ngapi" kila baada ya chumba.

Tiketi kwanza maana hapo ndo watu wanapoliwa. Uffizi na Accademia ni za serikali, zina tovuti rasmi, unachagua siku na saa, wanakuongezea hela kidogo ya kuweka nafasi, biashara imeisha. Sasa ukitafuta harakaharaka kwenye simu yale majibu ya juu mengi ni ya madalali, majina yanafananafanana na ya makumbusho yenyewe, picha za David kibao, na bei imeshapaa, halafu wanajisifu eti wanakuingiza bila foleni. Jamani hata aliyekata kule rasmi ana mlango wake wa watu wenye saa, na ule ukaguzi wa mabegi kama wa airport hakuna anayeuruka, uwe umelipa shilingi ngapi. Watoto chini ya miaka 18 ni bure na sio wa Ulaya tu, wetu pia, beba pasi yake tu. Siku ya Jumatatu Uffizi na Accademia zote zimefungwa. Jumapili ya kwanza ya mwezi ni bure kwa kila mtu, ila kama hupendi kusukumana basi hiyo bure waachie wenyeji.

Accademia ni ndogo na kiukweli wengi wanaenda kwa ajili ya David tu, yaani Daudi wa Biblia, nikawa nawaza sanamu moja itanifanya nini wakati nimeshaiona kwenye mafulana na sumaku za friji mpaka nimechoka. Asee. Ina urefu wa mita 5.17, unaiona kwa mbali mwisho wa ukumbi, mwanga unaingia kutoka juu, na watu wote waliokuwa wanapiga kelele mlangoni wanashusha sauti wenyewe bila kuambiwa. Mchongaji Michelangelo alianza kuichonga 1501 hajafika hata miaka 30, akamaliza 1504, na lile jiwe la marumaru wachongaji wengine walikuwa wameshalianza wakaliacha, likakaa miaka na miaka halina mwenyewe. Mkono wa kulia usimame uutazame vizuri, ule ulioshuka pembeni ya paja. Mishipa imevimba juu ya kiganja, kucha zipo, vidole vimekunja kidogo kama mtu anayejizuia. Ni mkubwa kuliko inavyotakiwa, na kichwa vilevile, maana mpango ulikuwa ikae juu kabisa kwenye kanisa kuu watu waitazame kutokea chini. Walipoiona imetoka hivyo wakaunda kamati ya kuamua iwekwe wapi, na wachoraji Leonardo da Vinci na Botticelli walikuwemo, ikaishia kuwekwa mbele ya Palazzo Vecchio. 1527 kukatokea vurugu, benchi likatupwa kutoka juu, mkono wa kushoto ukavunjika. Ilihamishiwa ndani 1873, hiyo iliyopo nje uwanjani ni kopi ya 1910, kwa hiyo anayejisifu kamuona David bure kaona kopi.

Lakini mimi kilichonikamata sio David peke yake. Kwenye ukumbi wa kuelekea kwake kuna Wafungwa, sanamu za Michelangelo ambazo hakuzimaliza, zilikuwa za kaburi la Papa Julius II. Kifua kimeshatoka, goti limetoka, uso bado umo ndani ya jiwe. Sogea karibu utaona alama za tindo, mistari mistari, sehemu nyingine imekwenda kasi sehemu nyingine taratibu, unaona kabisa mtu alikuwa kazini hapa. Watu wanazipita mbio wakimkimbilia David. Mtoto wetu ndo alizipenda kuliko vyote, akauliza kama wanaumwa.

Uffizi sasa. Nzuri, siwezi kudanganya, ila inachosha, korido ndefu zimezunguka kwa umbo la U, ghorofa ya juu unaanza, vyumba vinafunguka vingine na vingine. Jengo lilianza 1560, Vasari, mchoraji na mjenzi, alimjengea mtawala Cosimo I wa ukoo wa Medici kwa ajili ya ofisi za serikali yake, na ndo maana limekaa kiofisi. Mchoro wa Botticelli wa Venus, mungu wa kike wa mapenzi, una watu kama basi la Mbagala saa kumi na mbili jioni, simu zote juu, subiri nyuma kikundi kikiondoka unapata dakika mbili tatu za kupumua nao. Medusa ya Caravaggio, yule mwanamke mwenye nywele za nyoka, imechorwa kwenye ngao ya duara, mdomo wazi, damu inachuruzika, mtoto aliganda. Ya Artemisia Gentileschi, Judith anamchinja jemadari Holofernes, hiyo sikumuonyesha, nikarudi mwenyewe baadaye, yaani mwanamke alichora wanawake wawili wakiwa kazini kweli, mikono imekunjwa nguo mpaka kwenye viwiko. Na tafuteni picha ya Mamajusi aliyoichora Dürer 1504, yule mfalme mweusi amesimama kwa heshima zake zote, kavaa kuliko wengi mle.

Kiongozi tuliyemkodi kwa kampuni moja alitukimbiza, nusu ya muda anaongelea migahawa. Bora ukodi mashine ya sauti uende kwa mwendo wako. Hata hivyo kuna jambo moja alitaja akiwa anatembea nikalifuatilia mwenyewe usiku: ukoo wa Medici ulipokuwa unaisha, Anna Maria Luisa wa mwisho wao aliweka mkataba 1737 kwamba hizi mali za sanaa zisitoke Florence, ziwe za watu wa mji na za kuvutia wageni. Ndo maana mpaka leo mnaenda kuzitazama palepale. Mimi mtu wa Lindi ninayekaa Ujerumani, lile lijusi letu kubwa la Tendaguru, yaani mifupa ya dinosauri iliyochimbwa kwetu, nalitazama Berlin kwa kulipa kiingilio, acheni tu niseme niliufikiria sana huo mkataba.

Kuba la kanisa kuu tulipanda. Ngazi 463, hakuna lifti, na saa lazima uweke mapema. Njia inapita katikati ya kuta mbili za kuba lenyewe, nyembamba, imeinama, mwenye moyo mwepesi au anayeogopa kubanwa asijaribu. Brunelleschi alijenga hiyo kitu 1420 mpaka 1436 bila kile kiunzi kikubwa cha mbao cha kuishikilia kwa chini, na ukiwa ndani unaona matofali yalivyopangwa. Ukitaka picha yenye kuba lenyewe basi panda mnara wa kengele, ngazi 414, maana ukiwa juu ya kuba hulioni. Kuingia kanisani chini ni bure ila funika mabega.

Sasa Palazzo Vecchio, hii ndo watu hawaipi heshima yake. Mpaka leo ni manispaa ya mji, na Jumatatu wengine wakiwa wamefunga wao wapo wazi (Alhamisi wanafunga saa nane mchana, angalieni hilo). Unaingia ule ukumbi wa Mia Tano, mita 54 kwa urefu, dari yote dhahabu na picha, tulikaa kwenye benchi shingo zikauma. Ukutani kwenye picha ya vita ya Vasari kuna kibendera kidogo kimeandikwa "cerca trova", tafuta utapata, na kuna watafiti waliodhani nyuma ya ukuta kumefichwa mchoro wa Leonardo. Mtoto alikitafuta kweli, kikamuweka bize, mama yake akapumzika.

Halafu twendeni chumba cha Lorenzo, mmoja wa hao Medici. Vasari na watu wake wamemchora akipokea zawadi, na kati ya zawadi kuna twiga. Twiga! Sultani Qaitbay wa Misri ndo alimtuma 1487, mji mzima ukatoka kumtazama, watu wa ghorofani wanamlisha kwa madirishani. Hakuishi sana, inasemekana shingo ilinasa kwenye boriti za banda akavunjika. Baada yake Ulaya haikumuona twiga aliye hai kwa zaidi ya miaka 300. Tulisimama pale sisi watatu Watanzania tunamtazama mnyama wetu wa taifa kwenye dari ya watu, shosti akasema banda gani hilo la twiga lina boriti, hao mafundi hawakuuliza mtu?

Kwenye vyumba vya juu kuna ramani za dunia za karne ya 16 zimechorwa kwenye milango ya makabati na tufe kubwa katikati, pita hapo msiharakishe. Na choo tumieni cha humuhumu ndani kabla hamjatoka, nje mtalipia.