Umeitazama filamu, sasa unataka kitabu: riwaya za fantasia za kununua, kuanzia ninayoipendekeza zaidi

Mama mmoja wa Kiborloni, Moshi, ameniandikia kwa uchungu. Binti yake, aliyemaliza kidato cha nne, aliipenda mno filamu ya kwanza ya The Lord of the Rings, na kwa kuwa hadithi aliijua hadi pale filamu inapoishia, muuzaji alimshauri mama anunue juzuu ya pili ili mtoto aendelee. Katika kurasa za mwanzo binti akakuta Boromir, mmoja wa mashujaa wa safari, anakata roho, jambo alilokwisha kuliona mwishoni mwa filamu. Aliposonga mbele akakutana na marejeo ya safari ambayo filamu iliiruka, na baada ya sura chache akakiweka kitabu kando. "Dada, hapa nimepigwa," ameandika mama huyo. Malalamiko ya namna hii yamenifikia pia kutoka kwa wasomaji wa Njiro na Sakina, Arusha, na yote yana chanzo kimoja.

Sitazungumzia ukubwa wa maandishi, unene wa karatasi wala uzuri wa jalada, kwa sababu hayo kila mnunuzi huyaona kwa macho yake. Ninachotaka ukichunguze ni mahali juzuu inapoanzia na mahali inapoishia. Filamu na kitabu havikatwi mahali pamoja, hata vikiwa na jina moja, na mnunuzi anayetoka kwenye filamu ndiye anayeumia, kwa sababu anaamini kwamba anajua alipofika.

Ninayoiweka ya kwanza ni The Lord of the Rings ya J.R.R. Tolkien, katika toleo la HarperCollins lenye hadithi yote ndani ya jalada moja. Nasema wazi kwamba nampendelea mchapishaji huyu, na sababu yangu ni hiyo ya kuiacha hadithi ikiwa nzima. Tolkien aliiandika kama kazi moja. Kilichofanya itolewe katika juzuu tatu, mwaka 1954 na 1955, ni pamoja na gharama ya karatasi baada ya vita. Peter Jackson naye alipotengeneza filamu zake tatu, zilizotoka mwaka 2001, 2002 na 2003, hakuifuata mipaka ya juzuu hizo. Kifo cha Boromir, ambacho kitabuni kinafungua juzuu ya pili, amekifanya kuwa kilele cha filamu ya kwanza. Pango la buibui Shelob, ambalo kitabuni limo mwishoni mwa juzuu ya pili, amelisogeza hadi filamu ya tatu. Kwa hiyo aliyetazama filamu mbili akanunua juzuu ya tatu atamkuta Frodo, mhusika mkuu, tayari ni mateka wa maadui, wala hatajua amefikaje huko.

Jambo jingine ni kwamba filamu huruka kutoka kwa shujaa Aragorn hadi kwa Frodo na kurudi tena, ilhali juzuu ya pili imegawanyika katikati: nusu ya kwanza haimtaji Frodo isipokuwa katika mazungumzo ya wengine, na nusu ya pili ni yake na Sam, mwenzake wa safari. Msomaji asiyeambiwa mapema anaweza kudhani kuna kurasa zilizonyofolewa.

Hata aliyezitazama filamu zote tatu ninamsihi aanze ukurasa wa kwanza. Katika filamu, Aragorn ndiye anayewagawia wale Hobbit wanne, watu wafupi wa hadithi hii, panga zao, na mambo yanaishia hapo. Kitabuni panga hizo zinatoka katika kaburi la kale walimonusurika kufa, katika sura ambazo filamu iliziacha zote pamoja na mhusika aitwaye Tom Bombadil. Merry, mmoja wa Hobbit hao, anapomchoma mfalme wa Nazgûl, wapanda farasi wa adui, katika juzuu ya tatu, upanga ule wa kaburini ndio unaovunja nguvu ya uchawi wake, kwa kuwa ulifuliwa na watu waliopigana naye zamani. Aliyeanzia katikati ataisoma aya hiyo kama ajali ya vitani tu, na kwangu mimi hiyo ni hasara kubwa kuliko fedha aliyotoa.

Ukikutana na nakala ya zamani ya jalada moja, fungua mwisho wake kabla ya kulipa. Toleo la jalada moja lililotoka mwaka 1968 liliacha karibu viambatisho vyote, na ndani ya viambatisho ndimo yalimo mambo ya wafalme, kalenda na lugha.

Kuhusu The Hobbit ya Tolkien huyohuyo, ambayo ilitangulia mwaka 1937, neno langu ni fupi. Filamu ni tatu, za mwaka 2012, 2013 na 2014, lakini kitabu ni kimoja na chembamba. Hakuna "Hobbit ya pili", na anayekuuzia kitu kwa jina hilo huenda anakuuzia kitabu cha picha za filamu.

Nafasi ya pili naipa The Chronicles of Narnia ya C.S. Lewis, nayo pia katika toleo la HarperCollins lenye vitabu vyote saba pamoja. Hapa lazima nimlaumu mchapishaji ninayempenda. Tangu mwaka 1994 matoleo yake yamepewa namba kwa kufuata mtiririko wa matukio badala ya mpangilio ambao vitabu vilitoka. The Lion, the Witch and the Wardrobe, iliyotoka kwanza mwaka 1950 na kufanyiwa filamu mwaka 2005, imekuwa namba mbili. Namba moja ni The Magician's Nephew ya mwaka 1955, isiyokuwamo katika filamu hizo kabisa. Filamu ya pili, Prince Caspian, kitabu chake ni namba nne. Mzazi anayemwagiza mtu mjini "namba moja na namba mbili" kwa kufuata filamu ataletewa kitabu asichokitaka na kingine ambacho mtoto amekwisha kujua hadithi yake. Taja jina, usitaje namba. Ukinunua vyote pamoja, anza na The Lion, kwa sababu kabati lile la kuingilia Narnia halina fumbo tena kwa mtoto aliyekwisha kuelezwa asili yake katika The Magician's Nephew.

Ya tatu ni Northern Lights ya Philip Pullman, ya mwaka 1995. Filamu yake ya mwaka 2007, The Golden Compass, ilikatwa kabla ya sura za mwisho za kitabu, nazo ndizo sura zinazouma kuliko zote. Anayeruka hadi The Subtle Knife, kitabu kinachofuata, kwa kuwa amekwisha kutazama filamu hatajua Lyra, msichana mhusika mkuu, analia kwa ajili ya nani. Ujue pia kwamba Marekani kitabu hiki kinaitwa The Golden Compass, na vivyo hivyo kitabu cha kwanza cha Harry Potter kina jina moja Uingereza na jingine Marekani. Katika miji yetu vitabu hutoka pande zote mbili, kwa watalii na kwa watu wa kujitolea wanaovigawa wanapoondoka, kwa hiyo ni rahisi kununua kitabu kilekile mara mbili.

Harry Potter ni ya nne kwa sababu haina hatari kubwa. Kila filamu ina kitabu chake, isipokuwa cha saba kilichogawanywa katika filamu za mwaka 2010 na 2011. Chukua toleo la Bloomsbury, mchapishaji wake wa Uingereza.

Linalonikera zaidi ni tabia ya wauzaji kuvunja seti. Seti huingia dukani ikiwa kamili, kisha juzuu huuzwa mojamoja kwa bei ambayo jumla yake inazidi ya seti, na juzuu ya kwanza ikiisha, wanunuzi wanashauriwa waanzie ya pili. Katika duka moja la katikati ya Arusha niliona stika ya bei imebandikwa juu ya namba ya juzuu kwenye mgongo wa kila kitabu, na vitabu vyenyewe vimefungwa kwa plastiki ambayo hairuhusiwi kufunguliwa kabla ya kulipa. Mnunuzi atajuaje anachonunua? Nakala zenye picha ya filamu kwenye jalada nazo hupandishwa bei, ilhali baadhi yake ni hadithi iliyofupishwa kwa ajili ya watoto wadogo.

Vya mitumba, kama vile vya soko la Memorial kule Moshi, vinafaa kwa Harry Potter na The Hobbit. Kwa hizo nyingine, nunua ukikuta seti kamili tu.

Ukiagiza kitabu kije na basi kutoka Dar es Salaam au Nairobi, mwombe muuzaji akutumie picha tatu kabla hujatuma fedha: ukurasa wenye jina la mchapishaji, ukurasa wa yaliyomo, na ukurasa wa mwisho. Akikataa kupiga picha ya yaliyomo, tafuta muuzaji mwingine.