Povu la kupuliza kwenye chumba cha baridi cha samaki, Malindi

Wenzangu wa samaki wamenipigia simu sana kuniuliza hii kazi ya kupuliza povu ukutani ilikuwaje, wacha niandike yote hapa mara moja.

Mie nina chumba cha baridi hapa Malindi, mita 3 kwa 4, tunaweka kolekole, changu na jodari tukingoja gari la Nairobi. Tulikijenga wenyewe, ukuta wa mawe, ndani stairofomu inchi 4, juu yake plaiwudi, tukaona tumemaliza. Kumbe wapi. Miaka miwili kompresa inanguruma usiku kucha haipumziki, koili, yale mabomba ya kupozea mle ndani, inashika barafu mpaka feni inakwaruza, kila baada ya siku mbili tuzime tuyeyushe, na tokeni za stima zinaisha kama maji kwenye pakacha. Kila fundi akija anasema gesi imepungua, anajaza, analipwa, anaenda zake, wiki mbili baadaye tuko palepale.

Aliyegundua ni shemeji yangu, kafanya kazi za AC mahotelini zamani. Akaniambia shemeji, gesi haina neno, hewa ndo inaingia. Akawasha kijiti cha udi akakipitisha taratibu kwenye viungio, chini ya mlango moshi ukasukumwa nje, alivyopanda juu pale dari inapokutana na ukuta moshi ukavutwa ndani kama mtu anaunyonya. Akanieleza, na nikaelewa vizuri kwa mara ya kwanza: hewa baridi ni nzito, inatiririka ikitokea chini, ya nje inaingia juu kushika nafasi yake, na hewa yetu ya Pwani imejaa maji, basi yale maji yote yanakwenda kuganda kwenye koili. Stairofomu haikuwa mbaya, mbaya ni maungio yake. Unaweza kuongeza unene mpaka chumba kiishe, kwenye nyufa hewa inapita tu.

Kwanza tukajaribu povu la kopo la dukani. Kwa tundu dogo, mfano pale bomba linapopita ukutani, ni zuri sana tena linakauka kwa unyevu wa hewa na huku unyevu haukosi. Lakini tulilitia na nje juu ya paa bila kulifunika, jua likaligeuza njano halafu kahawia, miezi michache ukiligusa linamomonyoka unga. Ukilitumia nje lipake rangi au lifunike, hakuna njia nyingine.

Ndo tukaita kampuni moja kutoka Mombasa yenye mashine. Siwataji jina, ila kazi yao nimeiangalia mwanzo mwisho. Wanakuja na madramu mawili, dawa mbili tofauti, zinapashwa moto zinapita kwenye mipira miwili na kukutana kwenye bunduki, nusu kwa nusu. Ikitoka ni kama rangi, ukihesabu sekunde chache tu ishafura na kushika jiwe, inaingia kila upenyo na ikikauka ni ngozi moja haina kiungio hata kimoja. Hiyo ndo faida yake kubwa, inazuia joto na inaziba hewa kwa mkupuo mmoja. Na kwa unene uleule inazuia joto kuliko stairofomu, inchi 3 zake ni kama inchi 4 na ushee za ile ya zamani.

Walipobandua plaiwudi jamani nilisikitika, stairofomu ilikuwa imelowa, kipande kizito unakibeba kwa mikono miwili. Ikatupwa yote. Halafu wakakataa kupuliza siku hiyo kwa sababu ukuta una unyevu, wakaweka feni mpaka kesho yake saa tano. Mie nilikasirika, samaki wako kwenye barafu ya kununua, lakini walikuwa na haki, ukipuliza juu ya ukuta mbichi halishiki. Walipuliza tabaka kwa tabaka pia, maanake likifura linatoa joto lake lenyewe na ukirundika nene kwa mara moja linaweza kuungua kwa ndani.

Sasa ubaya wao. Mlango walifungua wazi wakati kusi linavuma, yale matone yakaruka mpaka kwa jirani yakaganda kwenye pikipiki yake, na ile kitu ikishika haitoki kwa sabuni wala petroli. Ilibidi tulipe, nusu wao nusu mie. Wangetundika turubai yasingetokea. La pili ni kubwa zaidi: hakuna aliyewaambia vijana wangu wasiingie. Wapulizaji wamevaa barakoa za kuletewa hewa kwa mpira, kijana wangu anapita na kanzu tu. Ile dawa ikiwa bado mbichi inaweza kumpa mtu pumu ya maisha. Nilimfukuza mwenyewe, na chumba tukakiacha wazi siku nzima na usiku wake. Hili nalisema kwa uchungu, kuwaambia watu ni dakika moja.

Na likikauka bado linashika moto, moshi wake ni sumu. Tumelifunika lote kwa mabati meupe, na fundi wa welding aliyekuja kuweka kulabu nilimwambia achomelee nje kisha aje kuzifunga kwa bolti.

Ukiita watu, ulizia povu gumu, la seli zilizofungwa, yaani vitundu vyake vya ndani kila kimoja kimezibwa. Lile laini linalobonyea kwa kidole ni rahisi ila linanyonya maji, kwa chumba cha baridi halifai kabisa.

Bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile stairofomu ya mwanzo, sifichi. Lakini usiku wa kwanza kompresa ilipozima yenyewe nilitoka kitandani kuangalia kama stima imekatika. Tokeni za 5,000 zilizokuwa zinakwenda siku 4 sasa zinafika ya 7, kipimo cha baridi kinakaa kati ya digrii 0 na 2. Kazi naipa 4 kwa 5, usalama 2. Juzi shemeji kaja tena na udi wake, juu kote moshi umesimama wima, umeyumba mlangoni tu, raba imechoka, nimeagiza nyingine.