Rauta haisomi waya wa intaneti: kitesta cha kebo nilichonunua Kariakoo (uzoefu wangu)

Nimenunua hiki kitesta cha waya wa neti pamoja na koleo lake la kubania vichwa vya RJ45 (vile vya plastiki vya mwisho wa waya wa neti), vyote 35,000, na nakipa nyota zote tano sababu ningekua nacho mapema nisingekaa siku nne bila intaneti na kazi zangu zote nafanyia nyumbani.

Ilikua hivi. Hapa Tabata natumia faiba, kaboksi ka faiba kako sebuleni ukutani afu kuna waya wa neti kama mita 15 unapita juu ya siling bodi mpaka chumbani kwenye rauta. Jumatatu naamka, waifai ipo, simu inashika fresh ila intaneti hakuna. Naingia 192.168.0.1 (ukurasa wa seting za rauta) nakuta imeandika hakuna waya kwenye poti ya WAN, yaani tundu la rauta linalopokea intaneti, na waya umechomekwa nauona kwa macho yangu! Nikachomoa nikachomeka, nikazima kila kitu dakika tano, wapi. Nikaminya riseti sekunde 10, na hapa naomba mnisikilize vizuri, MSIRISETI kwanza. Laini yangu ni ya PPPoE (rauta inaingia kwa yuzaneimu na paswedi za kampuni ya intaneti), riseti ikafuta yuzaneimu na paswedi ambazo sikua nimeziandika popote, na tatizo likabaki palepale mana rauta ikisema haioni waya haijafika hata hatua ya kuuliza paswedi. Taa ya WAN inawaka pale tu vifaa viwili vya huku na huku vinaposikiana kwenye waya, seting haziwezi kuunga waya uliokatika.

Nikapiga huduma kwa wateja, wakaangalia wakasema kwao kuko sawa, kwenye kaboksi ka faiba taa ya PON (faiba imeunganishwa) ya kijani imetulia, LOS (ya faiba kukatika) haiwaki, kwa hiyo rauta imekufa kanunue nyingine. Nilishaanza kuulizia bei. Dogo mmoja jirani anafunga kamera akaniambia kaka subiri kwanza, ule waya mfupi uliokuja na boksi la rauta unao? Tukabeba rauta mpaka sebuleni, tukachomeka ule mfupi, taa ya WAN ikawaka hapohapo. Yaani swali moja tu, na huduma kwa wateja siku zote zile hakuna aliyeniuliza.

Ndo nikaenda Kariakoo. Kitesta kina vipande viwili, kimoja unachomeka huku kingine kule, taa zinapita moja mpaka 8 kwa zamu. Kwangu 1, 2, afu namba 3 giza, inarukia 4. Nikaangalia kichwa cha upande wa sebuleni, kale kamshikio kameshavunjika, kinaning'inia nyuma ya tv na kila siku ya usafi kinavutwa. Nikakikata nikachuna, nikakuta ule mweupe wenye mstari wa kijani umekatika palepale unapoingia kichwani. Nikaukwangua na wembe, ndani mweupe kama bati, kumbe ni aluminiamu imepakwa shaba kwa juu, na aluminiamu ukiipindapinda haidumu. Ukinunua waya kwangua kwanza uone kama ni shaba mpaka ndani, tofauti ya bei utailipa baadae kwa fundi.

Kubana kichwa kipya mpangilio ni huu (kamshikio kakiwa chini, hesabu kutoka kushoto): mweupe-machungwa, machungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Sukuma mpaka uone ncha zote 8 zimegusa mwisho wa plastiki ndo ubane. Mara ya kwanza nilibana nikaona intaneti imerudi nikafurahi, ila spidi haipiti Mbps 94 na mimi nalipia ya Mbps 200, nikarudisha kitesta namba 7 haiwaki. Mana spidi ya Mbps 100 inatumia waya 1, 2, 3 na 6 tu, ila gigabiti (Mbps 1000) inataka zote 8. Nikakata nikarudia, sahivi naipata 200 yangu yote.

Kasoro: betri ya 9V hawaweki kwenye boksi, ulizia palepale dukani. Na hakikuambii waya umekatika mita ya ngapi, kinasema tu namba ipi haipiti, we anza na vichwa.

Pia hakipimi poti. Mama wa gorofa ya chini baada ya radi ya juzi rauta yake ikawa haioni waya, nikashuka na kitesta changu taa zote 8 zinawaka, tukajaribu na waya mfupi bado kimya, nikajua hiyo ni poti ya WAN imeungua. Kwa bahati kaboksi kake ka faiba kenyewe ndo kanagawa intaneti, tukaigeuza rauta kua akses pointi (inasambaza waifai tu) tukachomeka waya kwenye poti yake ya LAN (yale matundu mengine ya kutolea intaneti), ikakubali, na mpaka leo watoto wanasomea hiyohiyo.