Nyumba ya Mapumziko ya Wamishenari Walio Likizoni: Tathmini Baada ya Majuma Matatu

Mimi na mume wangu tulirudi nyumbani kwa likizo ya miezi sita baada ya kutumika miaka minne katika nchi ya mbali, na majuma matatu ya kwanza tulikaa, pamoja na watoto wetu wawili, katika nyumba ya mapumziko inayoendeshwa na ushirika wa makanisa kwa ajili ya wamishenari walio likizoni. Ninawaandikia wanandoa wanaopanga likizo yao ya kwanza, pamoja na kamati za misheni zinazowaandalia safari, kwa sababu huduma tuliyoipata pale ilibadilisha namna tulivyokutana na ndugu, marafiki na waumini wanaotutegemeza.

Kuhusu malazi sina mengi ya kusema: vyumba ni safi, jiko ni la familia peke yake, na mahali penyewe ni patulivu. Thamani ya nyumba hii imo katika mazungumzo ya siku tatu za mwanzo na katika usimamizi wa ratiba.

Mazungumzo huongozwa na mzee mmoja na mkewe, ambao wao wenyewe walitumika ugenini kwa miaka mingi. Hawakuanza kwa kutuuliza tumebatiza watu wangapi. Walituuliza kama tunalala vizuri, kama tumekuwa tukigombana, na ni misiba gani tuliyoikosa. Mume wangu alifiwa na baba yake tukiwa huko, akayafuata mazishi kwa simu, na kesho yake asubuhi akaingia darasani kufundisha kama kawaida. Siku ya pili ya mazungumzo alimzungumzia baba yake kwa saa nzima, na mimi niliyeishi naye muda wote huo nilisikia mambo ambayo hakuwahi kuniambia. Wazee wale walishauri twende kaburini kabla ya kusimama katika mimbari yoyote, kisha wakaliandikia kanisa lililokuwa limekwisha kututangaza kwa Jumapili hiyo, wakiomba tarehe isogezwe mbele. Kanisa lilikubali bila manung'uniko, jambo ambalo sisi wenyewe tusingethubutu kuliomba.

Hapo ndipo mzee alipotusimulia habari za Adoniram Judson, mmishenari wa Kimarekani aliyetumika Burma (Myanmar ya leo), aliyeondoka Marekani mwaka 1812 na kurudi mara ya kwanza mwaka 1845, baada ya miaka 33. Mkewe, Sarah, alifariki safarini, meli ikiwa imetia nanga katika kisiwa cha St Helena, na sauti ya Judson mwenyewe ilikuwa imedhoofika kiasi kwamba katika mikutano ilibidi mtu mwingine ayarudie maneno yake ili wasikilizaji wayasikie. Watu walimpenda kweli, tena walikuwa wamemwombea kwa miaka mingi, lakini upendo huo haukumpa mjane yule nafasi ya kupumzika.

Kwa upande wa ratiba, tulipewa kadi tupu, tukaambiwa tuandike jina moja katika kila kadi, la kila mtu au kanisa tunalopaswa kuliona, kisha tuzipange kadi hizo kwa kufuata tarehe ambazo tayari tulikuwa tumeahidi. Tulipomaliza, mke wa mzee alizipitia polepole, akaniuliza, "Mwanangu, mama yako ni kadi ya ngapi?" Alikuwa kadi ya kumi na moja. Mbele yake walikuwapo wafadhili ambao sijawahi kuwaona kwa macho, na nililia, kwa maana ni mama huyo aliyekuwa akinipigia simu kila juma kwa miaka minne. Tuliipanga upya ratiba yote: wazazi kwanza, makanisa madogo yaliyo jirani yakakusanywa katika mkutano mmoja, na baada ya kila Jumapili mbili za safari ikafuata moja ya kukaa kimya kanisani kama waumini wengine. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 14, kinaeleza kwamba Paulo na Barnaba walipolirudia kanisa lililowatuma walitoa taarifa, kisha wakakaa na wanafunzi kwa muda mrefu. Sisi tulikuwa tumepanga taarifa tu, na kukaa tukakusahau.

Kasoro kubwa ya huduma hii ni kuhusu watoto. Tangu miaka ya 1950, mwanasosholojia Ruth Hill Useem alipoanza kuwaeleza watoto wanaokulia nje ya nchi ya wazazi wao kama watoto wa utamaduni wa tatu, inajulikana kwamba mtoto aliyekulia ugenini hairudii nchi ya wazazi wake kama mtu anayerudi nyumbani. Kwake hiyo ni nchi mpya, ambamo watu wasiomjua wanamkumbatia na kumwambia amekua. Binti yetu wa miaka tisa alipewa vitabu vya kupaka rangi wakati sisi tukizungumza, na hakuna aliyemuuliza amemwacha nani huko. Nyumba inayowasikiliza wazazi kwa makini namna hii inapaswa kuwa na mtu wa kuwasikiliza watoto pia.

Fomu ya taarifa kwa wafadhili nayo irekebishwe, kwa kuwa inadai hesabu nyingi na haina hata mstari mmoja wa kueleza kilichoshindikana.

Tumeomba nafasi tena kwa likizo ijayo. Anayetaka kwenda aandike maombi kabla ya kukata tiketi za ndege na kabla ya kuliahidi kanisa lolote Jumapili, kwa sababu ratiba iliyokwisha kutangazwa huwapa wazee wale kazi kubwa ya kuomba radhi kwa niaba yake.