Nilivyoacha kuhesabu vitabu

Mwaka juzi nilijiwekea lengo la vitabu 52, kimoja kila wiki. Niliiandika namba hiyo kwenye programu ya simu niliyokuwa nikiitumia wakati huo (jina lake tuliache), kisha nikawatangazia marafiki ili nikishindwa nione haya. Hesabu sikuipiga. Ningeipiga ningegundua kwamba vitabu 52 vya kurasa 300 ni kurasa 15,600, karibu 43 kwa siku, na mimi nikishika kitabu usiku usingizi hunikuta ukurasa wa kumi na tano.

Ilipofika Septemba, kila nikiifungua ile programu nakutana na taarifa: umebaki nyuma kwa vitabu 9. Basi nikaingia kwenye ujanja. Nikawa nachagua kitabu kwa wembamba wake. Riwaya moja nene niliyokuwa na hamu nayo ilikaa kando ya kitanda miezi mitatu ikila vumbi, kwa kuwa ingehesabiwa kitabu kimoja tu, sawasawa na kijitabu cha kurasa 70. Desemba 31 nilitimiza 52. Ukiniuliza leo vile vya mwisho vilihusu nini, nitakudanganya.

Mwaka uliofuata nikahamia The StoryGraph, programu iliyoanzishwa na Nadia Odunayo wa Uingereza. Kutumia ni bure, japo ipo na huduma ya ziada ya kulipia, ambayo mimi sijaihitaji. Kilichonivuta ni kwamba lengo unaweza kuliweka kwa kurasa, au hata kwa saa ukiwa mtu wa vitabu vya kusikiliza. Nikajiandikia kurasa 7,300 kwa mwaka, yaani 20 kwa siku. Hapo ndipo unene wa kitabu ulipoacha kunitisha: ukurasa ni ukurasa, uwe wa kijitabu au wa gogo la kitabu.

Nyota za kukipa kitabu alama kwenye programu hii hugawanyika hadi robo. Nilidhani ni madoido tu, hadi siku nilipojikuta nabishana na nafsi yangu kati ya 3.5 na 3.75. Na kitabu kikikushinda unaweza kukiweka alama kwamba hukukimaliza, ukaendelea na maisha yako. Zamani nilikuwa naburuza kitabu kibaya hadi mwisho kwa kuogopa tu kupoteza hesabu!

Lakini raha yenyewe niliipata kwenye kusoma kwa pamoja. Unamwalika msomaji mwenzako, mnasoma kitabu kimoja, kila mmoja anaacha maoni pale alipofika, na maoni ya aliyekutangulia yanabaki yamefungwa hadi nawe ufike. Yule ninayesoma naye hana kifua. Zamani alikuwa ananipigia simu kuniambia nani kafa kabla sijafika nusu. Sasa anamwaga yote humo na mimi sioni kitu hadi zamu yangu. Ila kubalianeni kwanza toleo. Kitabu kile kile kikipigwa chapa upya, kurasa huongezeka au kupungua, mkaanza kuulizana "uko ukurasa gani?" bila kuelewana. Linganisheni ISBN, ile namba ya tarakimu 13 nyuma ya jalada, kwa sababu kila toleo lina yake.

Kuazimana vitabu vyenyewe ni habari nyingine, na hapo simu haijanisaidia kama daftari. Nina safu tatu: kitabu, nani kachukua, tarehe. Kabla ya daftari nilipoteza vitabu sita kwa watu ninaowapenda, na kuwadai ni aibu, maana ukidai unaonekana mchoyo na usipodai rafu inabaki na mapengo. Siku hizi kile ambacho siwezi kukisoma tena nakitoa moja kwa moja, kisirudi. Kimoja nilikisajili BookCrossing, mtandao ulioanza mwaka 2001: unapewa namba ya kitabu chako, unaiandika ndani ya jalada, unakiacha mahali pa wazi, na atakayekiokota akiiingiza namba hiyo utajua kimefika wapi. Changu bado kimya. Kwa vitabu vya kielektroniki usitegemee kuachiana hivi, kwa kuwa mara nyingi ulichonunua ni ruhusa ya kukisoma tu.

StoryGraph naipa 4.25. Ningeipa 4.5, ila michoro ya takwimu zake inanivuta kuitazama muda ambao ningesoma kurasa zangu 20, na hilo ni tatizo langu.

Ile riwaya nene nimeitoa vumbi. Ina kurasa 612, niko 287. Jana mwenzangu kaniandikia, "Umefika wapi, ndugu yangu? Mimi nimeshindwa kulala." Ameacha maoni mawili mbele yangu, yote yamefungwa, na moja lipo ukurasa wa 301.