Strava na wenzake: uchambuzi wa saa isiyojua breki

Ukimwona mtu mzima amefika mlangoni kwake, jasho linamtiririka, halafu badala ya kuingia ndani anaanza kuzunguka pale nje na baiskeli kama kuku anayetafuta pa kutagia, usimshangae. Mwangalie mkononi. Saa yake inasoma kilomita 49.6, na yeye hawezi kulala na 49.6. Najua habari hizi kwa sababu huyo mtu ni mimi.

Karibuni tena kwenye chaneli. Leo sina baiskeli mpya ya kuwaonyesha, wala tairi, wala kofia. Nachambua app za kurekodi safari, na mfano wangu mkubwa utakuwa Strava, maana ndiyo mnayoniuliza sana kwenye maoni, na ndiyo iliyotuambukiza wengi wetu ugonjwa huu. Ilianzishwa mwaka 2009, na jina lake ni neno la Kiswidi, maana yake kujitahidi. Komoot na Ride with GPS zipo pia, ila nguvu yao kubwa ni kukupangia njia. Leo nataka tuzungumzie ushindani, na adabu ya ushindani.

Kwa ambaye hajawahi kutumia, inakwenda hivi. Simu au kompyuta ndogo ya kwenye usukani inapokea mawimbi ya GPS kutoka kwenye satelaiti na kuandika ulipo, mara nyingi kila sekunde. Ukimaliza unapakia safari. App inachukua mstari uliopita na kuulinganisha na vipande vya barabara ambavyo watumiaji wenyewe wamevichora. Kipande kinaweza kuwa mlima wa kilomita tano, kinaweza kuwa mita mia tatu kutoka mti mmoja hadi nguzo. Ukikipita, hata kama hukujua kipo, muda wako unaingia kwenye orodha. Anayeongoza anavikwa taji: Mfalme wa Mlima kwa wanaume, Malkia wa Mlima kwa wanawake, hata pale ambapo mlima wenyewe ni tambarare kama meza. Tangu Mei 2020, usipolipia unaona kumi bora tu. Ukitaka kujua wewe ni wa mia mbili na ngapi, toa pesa. Ni biashara, sina ugomvi nayo.

Sasa sikia kitu ambacho wengi hawakiangalii kabla ya kugombana. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, na chini ya miti mizito au kati ya majengo marefu hukosea zaidi. Piga hesabu na mimi. Ukienda kilomita 40 kwa saa, unapita mita kumi na moja hivi kila sekunde. Kosa la mita tano pale kipande kinapoanza ni karibu nusu sekunde. Weka kosa jingine pale kinapoishia, tayari una sekunde nzima ambayo hujui ni ya miguu yako au ya satelaiti. Kwenye mlima wa dakika ishirini, sekunde hiyo si kitu. Kwenye kipande cha sekunde ishirini na saba, ndiyo tofauti ya wa kwanza na wa tisa. Kwa hiyo ukiona watu wamenuniana kwa sababu ya mita mia tatu, jua wanagombania bahati nasibu.

Na upepo je? Upepo ukikusukuma mgongoni, orodha haiulizi. Ukijibanza nyuma ya wenzako wakakukingia hewa, unaokoa robo hadi theluthi ya nguvu zako, na hilo pia orodha haiulizi. Ndiyo maana mimi taji la barabara tambarare huwa siliheshimu sana. Mlimani ni kesi nyingine. Ukipanda mteremko mkali kwa kilomita kumi na mbili kwa saa, hewa haina kazi kubwa ya kukuzuia, adui yako ni uzito wako na wa baiskeli. Hata kujificha nyuma ya mtu hakukusaidii sana. Mlima ndio mahali ambapo namba za app zinakaribia kusema kweli.

Haya, tufike kwenye jambo lililonifanya nirekodi video hii.

Kwenye safari nzima, Strava inakupa muda wa mwendo tu. Ukisimama kunywa maji, dakika zile zinatolewa. Ndani ya kipande mambo ni tofauti: saa haisimami. Ukisimama taa nyekundu, inahesabu. Ukimpisha mtu avuke, inahesabu. Ukishika breki kwa sababu kuna mbwa, inahesabu. Kuna sababu nzuri ya kufanya hivyo, kwa sababu kama kusimama kungetolewa, watu wangepumzika katikati ya mlima na bado wachukue taji. Lakini tazama matokeo yake barabarani: mstaarabu anateremka kwenye orodha, mkorofi anapanda.

Mimi nilikuwa huyo mkorofi. Naweka hapa kwenye skrini ramani ya safari yenyewe, nimeficha sehemu ilipo. Kilikuwa kipande cha kilomita moja na nusu, mteremko mwepesi, kina kivuko cha miguu katikati. Nilikuwa nimewasha ile huduma ya kulipia inayokuonyesha papo hapo uko mbele au nyuma ya muda wako bora kwa sekunde ngapi. Ikaniambia niko mbele kwa sekunde nne. Kwenye kivuko kulikuwa na mama mmoja, ameshaweka mguu mmoja barabarani. Nilimwona. Sitawadanganya kwamba sikumwona. Nilimwona, nikaangalia ile namba nne, nikapita. Alirudisha mguu. Hakupiga kelele wala hakunitukana, alirudisha tu mguu kama mtu aliyekanyaga maji ya moto.

Nikawa wa sita. Ile safari nimeifuta, kilichobaki ni picha hii ya ramani.

Wapo waliofika mbali kuliko mimi. Mwaka 2010 mwendeshaji mmoja alifariki kwenye miteremko ya Berkeley, California, akijaribu kurudisha taji aliloporwa. Familia yake iliishtaki Strava mwaka 2012, na mwaka uliofuata mahakama ikaitupa kesi hiyo. Mwaka huohuo wa 2012, San Francisco, mwendeshaji mwingine aligonga mzee wa miaka 71 kwenye makutano ya barabara, na mzee akafariki siku chache baadaye. Mwendeshaji alikuwa mtumiaji wa Strava, na mwaka 2013 alikiri kosa la kusababisha kifo. Sizitaji kesi hizi ili mfute app. Nazitaja kwa sababu zilitokea mapema kabisa, app ikiwa bado changa, na saa ya kipande haijajifunza breki mpaka leo.

Kuna dawa moja ndani ya app. Kipande chochote unaweza kukiripoti kuwa ni hatari, na orodha yake ya washindi ikafichwa. Nimeripoti vitatu, kikiwemo kile changu. Kuna jamaa aliniandikia kwa hasira kwamba nimemnyang'anya taji. Ndugu yangu, kama taji lako linapita juu ya kivuko cha miguu, lilikuwa la wizi tangu mwanzo.

Tuje kwenye adabu za wenyewe kwa wenyewe, na hapa mtacheka maana mmo humu.

Kuna mashindano ambayo mmoja wa washindani hana habari nayo. Unamkuta mtu anajiendea zake, labda anatoka kazini, begi mgongoni. Unampita kwa kishindo bila hata kengele, unageuka kuona kama ameumia moyo. Yeye anawaza chakula cha jioni. Na kuna kinyume chake, yule anayekuganda nyuma kilomita nne bila salamu, tairi lake likikaribia kugusa lako, halafu karibu na mwisho wa kipande anachomoka na kukuacha. Kukingwa upepo si dhambi, sote tunakingana. Ila omba. Neno "naweza kukaa nyuma yako?" halina gharama, na linamsaidia wa mbele asifunge breki ghafla akidhani yuko peke yake.

Halafu kuna wale wa "mazoezi mepesi". Safari imepewa jina "Kunyoosha miguu tu leo", unafungua ndani, mapigo ya moyo 178 na mataji mawili. Mnamdanganya nani? Andika "Leo nilitaka kufa", tutakupa pongezi zaidi.

Baiskeli za umeme zina kundi lake ndani ya app. Ukipanda mlima na injini kisha ukapakia kama baiskeli ya kawaida, umekaa kwenye kiti cha mtu. Wengi hawafanyi kwa makusudi, mpangilio wa simu ndio haujabadilishwa. Kwa hiyo mkiona muda wa ajabu, kabla ya kuripoti mwandikieni mtu kwa upole. Kuna mtu aliwahi kusahau kuzima saa, akaingia kwenye gari, akawa mfalme wa milima kumi na moja kwa siku moja. Niliporipoti sikufikiri mara mbili, na baadaye nikagundua ni mzee ambaye hata hakujua taji ni nini. Niliona aibu.

Kuhusu faragha nitapita haraka, ila msiruke sehemu hii. Mwishoni mwa 2017 Strava ilitoa ramani ya dunia inayoonyesha wapi watumiaji wake wanapita, na Januari 2018 ikaonekana kwamba kambi za kijeshi zilikuwa ziking'aa humo kwa sababu ya askari waliokuwa wakikimbia na saa zao. Kama kambi imeonekana, mlango wako utakosaje kuonekana? Ingia kwenye mipangilio, ficha mwanzo na mwisho wa safari zako. Na tafadhali, usiandike kwenye maelezo kwamba unakaribia kununua baiskeli mpya na ya zamani iko nyuma ya nyumba.

Mnaniuliza kama inafaa kulipia. Kwa anayependa kuona maendeleo yake mwaka hadi mwaka, ndiyo, hasa kwenye milima. Kwa anayetaka ramani na idadi ya kilomita tu, ya bure inatosha. Ile ya kukuonyesha sekunde papo hapo mimi nimeizima, na simu sasa inakaa mfukoni. Nikifika nyumbani ndipo naangalia. Nimepungua kasi? Ndiyo, kwenye barabara tambarare nimeshuka nafasi nyingi. Mlimani nimebaki palepale.

Kitu pekee cha ushindani nilichobaki nacho kinaitwa gwiji wa eneo, walikileta mwaka 2020. Kasi haihesabiwi kabisa. Anayepita kipande mara nyingi zaidi ndani ya siku 90 ndiye anavikwa shada. Unaweza kwenda taratibu, ukasimama, ukasalimia watu, ukampisha kila mama mwenye kikapu, na bado ukashinda. Nilidhani hapo ndipo nitapumzika, niachane na roho mbaya.

Sasa angalieni skrini. Huu ni mlima wa karibu na kwangu. Mimi nina safari 58. Huyu hapa juu yangu ana 61, na kwa kasi anayopanda nadhani anasukuma baiskeli kwa mkono. Anatoka kila siku, mvua inyeshe isinyeshe. Nimeshaweka kengele ya saa kumi na moja alfajiri, na nikitoka mapema naweza kupanda mara mbili kabla ya kazi.